Kitalu Nyumba cha Pwani: Acha Kuinywesha Hewa

Juzi nimepokea ujumbe kutoka Bagamoyo. "Shikamoo dada. Nyanya zangu kwenye kitalu nyumba zinachanua vizuri ila maua yanapukutika. Fundi anasema hewa imekauka, niweke vinyunyizi vya juu vya kupuliza matone madogo. Nina laki nane, nianze?"

Marahaba mdogo wangu. Usianze.

Nimeona nijibu hapa kwa sababu maswali ya aina hii siku hizi nayapata mengi, na yote yana mzizi mmoja: tunajenga vitalu vya Pwani kwa akili ya bara. Vinyunyizi vya juu vina kazi yake Dodoma, ambako hewa ni kavu. Tone likitoka, linageuka mvuke hapo hapo, na likigeuka linachukua joto, kitalu kinapoa. Huku kwetu hewa imeshiba kabla hujafungua koki. Tone halina pa kwenda, linatua kwenye jani na kubaki hapo. Joto liko vile vile, na sasa una majani yaliyolowa.

Mimi haya nimeyajua kwa machungu. Kitalu changu kiko uani, Pongwe, Tanga, mita sita kwa kumi na mbili. Kampuni iliyonijengea, jina nalihifadhi, ilileta ramani ile ile inayotumika milimani: nailoni hadi chini pande zote, paa fupi, mlango mmoja. Niliuliza upepo utapita wapi, nikaambiwa, "Mama, hii ni teknolojia." Masika ya kwanza ilipoingia, asubuhi nikifungua mlango miwani inaziba kwa mvuke. Matone yananing'inia kwenye nailoni yanadondokea mimea mpaka saa nne. Majani yakaanza madoa ya njano kwa juu. Ukigeuza, chini kuna utando laini wa kijani kilichochanganyika na kahawia. Huo ni ukungu wa majani, na hewa yenye unyevu mwingi isiyotembea ndiyo chakula chake. Nikawapigia simu. Wakaniuzia dawa. Nikapiga tena, wakaniuzia dawa nyingine.

Shemeji yangu mmoja akapita, akachungulia, akasema, "Shem, umejenga tanuri la mkate." Watu wakacheka. Sijasahau, na nyanya za kwake leo zinatoka kwangu.

Aliyeniokoa ni seremala wa mtaani ambaye hajawahi kulima hata mchicha. Alisimama nje, akatazama mnazi unavyoinama, akasema ubavu mrefu wa kitalu umeelekea baharini, basi mwaliko ushatolewa, kilichobaki ni kufungua mlango. Tukavua nailoni ya ubavuni kutoka usawa wa goti hadi juu, tukaweka wavu wa wadudu, na kwenye kilele cha paa tukaacha mwanya mrefu wenye wavu pia, ili hewa moto ipande na kutoka. Wavu ni lazima, msijidanganye. Bila wavu kantangaze, yule nondo wa nyanya, na inzi weupe wanahamia siku hiyo hiyo. Ila wavu ukishika vumbi hewa haipiti, kwa hiyo uoshwe kwa mpira wa maji, na uoshwe asubuhi yenye jua.

Sasa maji. Mipira ya matone, mwagilia kuanzia saa moja asubuhi, chini ya shina, jani lisiguswe. Jioni sigusi koki, maana maji ya jioni ndiyo unyevu wa usiku. Nyanya iliyokomaa, siku ya jua kali la kaskazi, inaweza kutaka lita moja hadi mbili kwa shina. Siku ya mawingu ya masika hata nusu ya hapo ni nyingi. Chomeka kidole kwenye udongo kabla ya kufungua, tabia hii haigharimu kitu. Kama udongo wako ni mchanga, gawanya maji mara mbili au tatu kabla ya adhuhuri. Ukikausha leo na kufurikisha kesho, matunda yanaoza kitako kwa sababu kalisi haifiki, hata kama udongoni imo.

Kisima changu kina chokaa, si ajabu, nchi hii ya Amboni na Maweni ni mawe ya chokaa matupu. Vitundu vya mipira vinaziba taratibu, shina moja linanyauka katikati ya wenzake na unadhani ni ugonjwa. Kata kipande, kikunje, utaona unga mweupe. Vile vinavyofunguka nalowesha kwenye siki usiku kucha.

Udongo nao ufunikwe usitoe mvuke. Makumbi ya nazi yanafaa sana, lakini chagua yaliyokauka uani. Yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamekunywa chumvi, yatakuunguzia mizizi.

Na maua yanayopukutika? Hewa ikilowa sana, chavua, ule unga wa njano wa ua, inagandana, haidondoki, na ua lisilopata chavua halishiki tunda, linapukutika. Saa nne hivi, majani yakishakauka, pita ukigonga kamba zilizoshikilia mimea. Ukiona vumbi la njano likiruka kwenye mwanga, kazi imefanyika. Joto la mchana likizidi nyuzi 35, hapo chavua yenyewe inakufa, na dawa yake ni kivuli na upepo. Punguza pia machipukizi na majani ya chini, ndugu zangu, mnapenda sana msitu! Vijana mnatazama video za Uholanzi mnataka mitambo, wakati mkasi unatosha.

Basi mdogo wangu, laki nane yako iende kwanza kwenye wavu wa ubavuni, kisha mipira ya matone. Zikibaki hela, nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, ukining'inize usawa wa mimea, kivulini, mbali na mlango. Alfajiri kikisoma asilimia 95 usishtuke, ndiyo Pwani. Kiangalie tena saa nne. Kikiwa bado juu ya 85, hewa yako haitembei: nipigie picha ya kitalu kutoka upande wa bahari, unitumie.