Jina Siti: asili yake, na kwa nini siku hizi hulisikii kwa watoto

Dada mleta mada, hongera, na Mungu akujaalie ujifungue salama. Nimeona siwezi kupita bila kujibu, maana jina mnalovutana juu yake ndilo langu. Kwa atakayeingia sasa hivi: mama mkwe wa dada yetu anataka mjukuu wake aitwe Siti. Mume anasema hilo ni jina la Waindonesia, kwa kuwa kila akilitafuta mtandaoni wanamjia wanawake wa huko tu. Dada mwenyewe anahofia kuwa ni jina la kizee, na hana hakika kama dini inaliridhia.

Shemeji mwambie hivi: alichokiona ni kweli, alichohitimisha sicho. Indonesia na Malaysia akina Siti wamejaa. Mke wa Rais Suharto aliitwa Siti Hartinah, na mwimbaji wa Malaysia anayejulikana sana hadi nje ya nchi yake ni Siti Nurhaliza. Kwao mara nyingi Siti hutangulia jina jingine, Siti Aisyah, Siti Khadijah, Siti Maryam, na wengi huitwa kwa hilo la pili. Lakini wao walilitoa kwa Waarabu na sisi tulilitoa kwa Waarabu. Watu wa Hadhramaut, huko Yemen, waliosafiri kwenda Java, Indonesia, kufanya biashara na kusomesha, ndugu zao walikuja Lamu, Unguja na Ngazija, na ndiyo maana madhehebu ya Shafi yako huku na yako kule. Kwa hiyo mama yake hajaokota jina la ugenini. Pwani yetu ina akina Siti wa zamani, na Wangazija wanalo mpaka leo.

Kiarabu chenyewe kina kisa kizuri hapa, na mimi nakipenda. Kiarabu fasaha kinasema sayyidati, yaani bibi yangu, bimkubwa wangu. Ndimi za mjini zikalifupisha likawa sitti, na wanasarufi hawakulifurahia. Firuzabadi, mtunzi wa kamusi mashuhuri aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, alilieleza kwa njia mbili: ama ni kosa la ulimi na sahihi ni sayyidati, ama msemaji anamwambia mwanamke "ewe pande zangu sita", kwa sababu sitta ni sita, na pande ni mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Zaidi ya miaka 150 kabla yake, Bahaa al-Din Zuhayr, mshairi wa Misri aliyefariki mwaka 1258, alikuwa ameshawajibu wanasarufi hao. Wananitazama kwa chuki nikimwita sitti, alisema, wakidhani nimekosea lugha, kumbe huyu amenimiliki pande zangu zote, basi kosa liko wapi? Wataalamu wanakubaliana kuwa asili ni sayyidati. Ila mtu akiniuliza jina langu lina maana gani, na nina nafasi ya kuongea, huanza na pande sita.

Wala halikuwa jina la watu wadogo. Sitt al-Mulk, dada yake Khalifa al-Hakim wa Misri, ndiye aliyeshika hatamu Cairo baada ya kaka yake kutoweka mwaka 1021, akatawala hadi kufa kwake mwaka 1023. Dameski kulikuwa na Sitt al-Wuzara, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1316, ambaye watu walikwenda kumsomea Sahihi Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume, na aliitwa hadi Misri kuisomesha. Karne iliyopita Wamisri walimwita mwimbaji wao Umm Kulthum "al-Sitt" tu, na kila mtu akajua ni nani. Palestina na Shamu mtoto akisema sitti anamwita bibi yake mzaa mama au mzaa baba. Kwa hiyo wasiwasi wako kwamba linasikika kama jina la bibi una mizizi ya mbali kuliko ulivyodhani!

Sasa huku kwetu. Waswahili tulikuwa na neno letu la heshima kwa mwanamke mkubwa, nalo ni Mwana. Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, hiyo "Mwana" yake si mtoto. Ni bibi, bimkubwa. Vivyo hivyo Mwana Mkisi, ambaye masimulizi ya Mombasa yanamtaja kuwa malkia wao wa mwanzo. Siti lilipokuja lilikuta kiti kimeshawekwa, likakaa pembeni ya Mwana na Bibi kama neno la kumwitia mwanamke mwenye nyumba yake, na baadaye likawa jina la mtu. Hata mengine tunayoyasikia yamelibeba ndani. Yupo Mwanasiti, na yupo Mwasiti, kama yule mwanamuziki wetu wa Bongo Fleva. Mwasiti ni Mwanasiti aliyefupishwa, kama Mwajuma alivyo Mwanajuma.

Lakini kwa Mtanzania huwezi kulizungumza jina hili ukampita Siti binti Saad, na hapa naomba univumilie.

Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, kwa wazee walalahoi waliokuwa wakifinyanga vyungu. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Utumwa kisheria ulifutwa Zanzibar mwaka 1897, kwa hiyo amezaliwa ukiwa bado upo, na jina hilo halikuwa la mzaha. Alikuwa akitembeza vyungu huku akiimba kuita wateja. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa na mmoja wa wanachama wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, kuimba kwa Kiarabu na kupiga ala. Huko mjini ndiko Mtumwa akawa Siti. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri na kampuni ya His Master's Voice, taarabu kwa Kiswahili, na zikauzwa pwani nzima. Walioumwa na hilo walimtungia wimbo wa kumkejeli: amekuwa mtu lini huyu, si juzi tu kaja mjini kavaa kaniki, na bila sauti angekula nini? Kaniki ndiyo ilikuwa nguo ya watumwa na mafukara, kwa hiyo tusi lilieleweka vizuri. Yeye naye akajibu kwa kuimba, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Waandishi wanawake wa Tanzania walipounda chama chao, TAMWA, mwaka 1987, jarida lao walilipa jina la Sauti ya Siti.

Kwa hiyo, dada, cheo walichozoea kuitwa wanawake wa majumba makubwa kilimwendea binti wa mfinyanzi aliyeitwa Mtumwa, na alikipata kwa kazi ya koo lake. Nchi nyingine zina akina Siti wengi zaidi, ila historia hii ni yetu.

Kwangu mimi jambo hili liko ndani ya nyumba. Bibi yangu mzaa baba, Mungu amrehemu, jina lake la kuzaliwa lilikuwa hilo hilo, Mtumwa. Yeye hakuwa na uhusiano wowote na Siti binti Saad. Aliitwa hivyo kwa sababu mama yake alikuwa amezika watoto kabla yake, na wazee wa kwetu shamba mtoto wa namna hiyo walimpa jina la chini makusudi ili jicho baya lisimtamani, ndiyo asili ya akina Makombo na wengineo. Alilibeba maisha yake yote. Kuna mahali lilimuumiza, maana si kila mtu anayelisikia jina anajua sababu yake, na wengine wanajua wakajifanya hawajui. Nilipozaliwa mimi, mjukuu wake wa kwanza wa kike, baba yangu alikuwa ameshachagua Zuhura. Bibi akasema huyu ni Siti, na hakuna mtu atakayemwita kwa kumpigia makofi. Baba akanyamaza. Siku ya saba, kwenye akika, nikaitwa Siti.

Nimekueleza hayo kwa sababu moja. Umeandika kwamba mama mkwe "hataki kusema kwa nini, anang'ang'ania tu". Wazee wetu ndivyo walivyo. Bibi yangu hakuwahi kumweleza baba sababu; mimi aliniambia nikiwa mkubwa, tena kwa kuwa nilimkalia nikamuuliza. Mkalie mama mkwe mkiwa wawili tu, mwanawe asiwepo, na umuulize Siti anayemkumbuka ni nani. Huenda ni mama yake, huenda ni somo wake, huenda ni mtoto aliyempoteza.

Ya dini: Siti si miongoni mwa majina ya wake wala mabinti wa Mtume, kama hilo ndilo ulilokuwa ukitafuta, lakini si jina baya. Vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, vya Kishafi vinataja karaha kubwa ya kumwita mtoto Sitt al-Nas, bibi wa watu wote, au Sitt al-Ulamaa, bibi wa wanazuoni, kwa kuwa huko ni kujikweza na kusema lisilo kweli. Siti peke yake haimkwezi mtu juu ya yeyote, na masheikh waliokuwapo nyumbani siku yangu hawakuona tatizo. Ukitaka moyo utulie, muulize sheikh wa msikiti wenu na umtajie hilo la Sitt al-Nas, atakueleza tofauti.

Sasa la uzee na la kuishi nalo, maana hili ndilo litakalomhusu mtoto mwenyewe.

Ni kweli kwa watoto halipo. Madrasa wanakosoma wanangu nasikia Sumaiya, Ikramu, Hafsa, Nasra, Aaliyah, mengi yakitoka Ghuba na kwenye simu. Siti ninaowajua mimi ni wa umri wangu au zaidi, na wengi ni Wazanzibari au watu wa Tanga na Bagamoyo. Kizazi cha wazazi wetu walilijua pia kupitia Mama Siti Mwinyi, mke wa Rais Ali Hassan Mwinyi, wakati wa urais wake kuanzia 1985 hadi 1995. Naamini kilichoirudisha nyuma ni kwamba tuliacha kuitumia kama neno la heshima. Siku hizi mwanamke anaitwa Mama fulani, Dada, au Bi. Jina likabaki bila lugha inayolibeba, na kijana wa leo akisikia siti anafikiria kiti cha daladala.

Hilo la kiti usilidharau. Mimi nimesoma shule ya msingi Dar es Salaam, na nimeitwa siti ya dirishani, siti ya mbele, siti imejaa, kila walilolisikia kwa kondakta asubuhi. Nikiwa mdogo liliniuma, na kuna kipindi nilimwomba baba anibadilishie jina. Mwaka 2020, daladala zilipoamriwa kupakia "level siti", yaani abiria wa kukaa tu, kwa ajili ya korona, wafanyakazi wenzangu walilifufua. Lakini ukiwa mtu mzima unalipokea tu. Mtoto anayejua jina lake limetoka wapi hujibu mwenyewe. Binti yako akifika darasa la pili au la tatu mwambie habari za Siti binti Saad, msikilizishe na santuri zake, zipo mtandaoni, usisubiri aje analia kwanza. Bibi yangu alichelewa kunieleza, na ningelijua mapema mateso yangepungua, japo si sana.

Kuna raha yake pia. Ukikutana na Siti mwenzako hamna haja ya utambulisho mrefu, mnaitana somo hapo hapo. Hospitalini nikiitwa kwenye foleni bibi mmoja huinuka na mimi nikainuka, na tukitoka hapo tumeshakuwa ndugu. Majina yaliyo kila nyumba hayakupi hilo.

La mwisho ni tahajia, na tafadhali lizingatieni kabla ya kwenda kuchukua cheti cha kuzaliwa. Wapo wanaoandika Siti na wapo Sitti, kama aliyeshinda Miss Tanzania mwaka 2014. Yote mawili ni sawa, shida ni kuyachanganya. Cheti changu kimoja cha shule kiliandikwa kwa t mbili wakati cheti cha kuzaliwa kina t moja, na nilipotafuta pasipoti nililazimika kuapa kiapo kwa wakili kwamba hao ni mtu mmoja. Chagueni moja, lifanane kwenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na shule, hadi kitambulisho cha NIDA atakapofika umri. Na msifanye kama Waindonesia kumpa Siti Khadija au Siti Mariamu kwenye karatasi, maana kwetu jina la pili ni la baba, na karani yeyote atamwandika Khadija kuwa ndiye baba yake. Siti, kisha jina la baba, kisha la babu. Hilo Khadija, kama mnalipenda, mwekeeni mdogo wake.