Kabla ya Kwenda Shelisheli, Uliza Kwanza Upepo

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu likizo ya Shelisheli huanza na nauli na malazi, nami huwarudisha kwenye swali moja: utakwenda wakati wa upepo gani? Visiwa hivyo viko karibu na ikweta na joto halikatiki mwaka mzima, lakini bahari hubadilika kabisa kati ya kusi, upepo wa kusini-mashariki unaovuma kuanzia Mei hivi hadi Septemba, na upepo wa kaskazini-magharibi, unaokuja na mvua nyingi kuanzia Desemba.

Mimi nilikwenda Agosti bila kuyajua hayo. Nilikuwa nimelipia chumba kusini-mashariki mwa Mahé, kisiwa kikuu, kwa kuvutiwa na picha, na asubuhi ya kwanza nilikuta ufuo umefunikwa na mwani uliorundikana hadi magotini, mbichi juu na uliooza chini, huku maji ya ukingoni yakiwa na rangi ya chai. Niliumia sana, kwa kuwa safari ile nilikuwa nimeiwekea akiba mwaka mzima. Mwenye nyumba alinihurumia, akanielekeza nipande basi hadi Beau Vallon, upande wa pili wa kisiwa, ambako milima huukinga kusi, na huko nikaikuta bahari shwari.

Kwa hiyo, anayekwenda wakati wa kusi na atafute malazi upande wa kaskazini-magharibi. Akienda wakati wa mvua, afanye kinyume. Niliporudi mwezi wa Aprili, wakati wa maleleji, yaani kipindi cha utulivu kati ya pepo hizo mbili, sikuhitaji hesabu hiyo hata kidogo.

Kisiwani La Digue jambo hili ni la uhai. Watu huendesha baiskeli kuvuka kilima hadi Grand Anse, ufuo unaopigwa na kusi, wakifika wamechoka na kutokwa jasho, wakayapita mabango ya onyo. Niliingia maji ya magoti tu, mchanga ukachotwa chini ya nyayo zangu kwa nguvu iliyonitisha, nikatoka. Nakusihi uogelee Anse Source d'Argent, iliyokingwa na mwamba wa matumbawe, tena maji yakiwa yamejaa, maana yakipwa hubaki haba mno.

Siku upepo unapozidi ukiwa kisiwani Praslin, nenda msitu wa Vallée de Mai, uliomo katika Urithi wa Dunia tangu 1983. Humo kusi husikika juu kabisa, makuti makubwa ya minazi ya coco de mer yakigongana kama mbao, na chini unapopita jani halitikisiki.