Barua kwa mwanangu: nyuzi za joto ulizoniuliza

Mwanangu Bahati,

Umeniuliza fueli yabisi ya roketi inashika moto kwa nyuzi ngapi za Selsiasi, upate namba ya kuweka kwenye ripoti. Mimi ningeuliza kwanza inapashwa kwa muda gani. Nyuzi bila muda hazisemi kitu.

Lile robota la pamba lililoshika moto kiwandani kwa baba yako mdogo hujalisahau. Wazimamoto walilowesha nje, moshi ukakatika, wakaenda zao. Usiku moto ukachomoza kutoka katikati. Baba mdogo alishawaambia walipasue! Bado linanikera.

Fueli yako ni hatari zaidi, kwa sababu haingoji hewa: ndani ya mpira unaoungua mna chembe za amoniamu pakloreti, chumvi inayobeba oksijeni yake yenyewe. Ikipashwa ghafla, kama kiwashio kinavyofanya kwa gesi na chembe za moto, joto haliwahi kupenya, maana mpira hupitisha joto kwa shida. Ngozi nyembamba ya juu, isiyofika hata milimita, huvunjika kuwa gesi. Gesi inawaka juu kidogo ya uso na kurudisha joto chini. Fueli inaliwa hivyo, milimita kadhaa kwa sekunde. Shinikizo likipanda, mwali hukaribia uso na kasi huongezeka. Kiwashio dhaifu, uso unashika kisha unazima. Kikizidi nguvu, fueli inapata ufa, ufa unaongeza uso wa kuungua, shinikizo linapanda tena, kasha la roketi linapasuka.

Sasa ipashe polepole, nyuzi 3.3 kwa saa, kasi iliyotumika miaka mingi kwenye majaribio ya usalama. Joto linafika hadi kiini. Karibu na nyuzi 240 fuwele za pakloreti hubadili umbo, vitundu na nyufa vinazaliwa ndani, na siku ikiwaka moto unapenya kila mahali. Ndiyo maana moto wa taratibu mara nyingi hulipua vibaya kuliko moto mkali wa ghafla.

Au nakuonea? Ripoti inataka namba, najua. Haya: fueli zenye nitroglisirini, kile kilipuzi cha majimaji, zikipashwa polepole, huwaka chini ya nyuzi 200, za pakloreti na mpira huvumilia zaidi. Lakini pembeni ya kila namba andika kasi ya kupasha na unene wa kipande. Nyuzi bila muda hazisemi kitu, nimeshasema.

Kama mwalimu wenu alikosea kuwapa jedwali la namba tupu, sisemi. Ungekuwa hapa mezani ungenisoma usoni.

Mama anakusalimu.

Baba yako,
Mwanza