Kupima theluji mlimani si kupoteza muda

Umeuliza kwa nini mtafiti amalize miaka yake akipima theluji mlimani wakati kipimamvua kipo. Ndugu, huko juu kuna upepo. Chembe za theluji zinapeperushwa na kupita juu ya mdomo wa chombo, kwa hiyo kinapata pungufu. Halafu kina cha theluji peke yake hakikwambii maji ni kiasi gani: mita 1 ya theluji mpya ikiyeyuka hutoa maji ya kina cha kama sentimita 10 tu, ila ile iliyojishindilia msimu mzima inaweza kutoa hata 40.

Aliyelivalia njuga suala hili mwanzoni mwa karne ya 20 ni James Church wa Chuo Kikuu cha Nevada, Marekani, mwalimu wa Kilatini (ndiyo, Kilatini!). Kwenye Mlima Rose alididimiza bomba lenye meno hadi ardhini, akalichomoa na theluji yake ndani, akalitundika kwenye mizani. Toa uzito wa bomba tupu, unabaki na maji. Kwa hesabu hiyo akawa anatabiri maji ya Ziwa Tahoe, lililo karibu na mlima huo, yatapanda kiasi gani theluji ikiyeyuka. Mabomba ya aina hiyo yanatumika mpaka leo.