AE-1 haifyatuki? Anza na betri

Usiitupe, ndugu. Unasema Canon AE-1 uliyoachiwa na babu haifyatuki, na hujui herufi A kwenye lenzi ni ya nini. Kamera hii ya mwaka 1976 hutegemea umeme: bila betri ya volti 6, aina ya 4LR44, shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) haisogei hata kidogo. Weka mpya, futa kutu kwenye vyuma vinavyoigusa, kisha bonyeza kitufe cha kupima betri. Ukichungulia kwenye kidirisha cha kutazamia, sindano ya kipimo ikitulia chini ya namba 5.6, umeme unatosha. (Na umevuta wenzo wa filamu kwanza? Wengi husahau.)

Lenzi ikiwa kwenye A, wewe unachagua kasi ya shata, kuanzia sekunde 2 hadi 1/1000, nayo kamera inachagua uwazi wa lenzi. Ukiitoa kwenye A, sindano itakushauri uwazi tu. Pete ya lenzi utaizungusha mwenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo utamu ulipo.

Ikilia kama mlango mkavu kila unapofyatua, vilainishi vya mitambo ya kioo cha ndani kinachoruka vimekauka. Mpe fundi, usijipulizie mafuta.