Miaka 12 ya Jamaica si miaka 12 ya Uingereza

Mkuu, umeuliza iweje ramu (pombe kali ya miwa) iliyokaa kwenye pipa miaka 12 Jamaica iwe nzito na yenye ladha ya mbao kuliko ya umri huohuo iliyolazwa Uingereza. Jibu ni joto. Kinywaji kikipata joto hutanuka na kupenya kwenye mbao za mwaloni za pipa. Kikipoa hurudi kimebeba rangi, vanila na ule ukakasi wa chai ya rangi iliyochemka mno. Karibiani kazi hiyo haina likizo. Uingereza, baridi huipunguza kasi miezi mingi.

Gharama yake ni uvukizi, wenyewe huuita fungu la malaika. Chukua pipa la lita 200. Likipoteza asilimia 6 kila mwaka, jambo la kawaida kule kwenye joto, baada ya miaka 12 zinabaki kama lita 95. Kwa asilimia 2 za nchi ya baridi zingebaki 157. Malaika wa Jamaica wanakunywa kwelikweli!

Ila usidhani miaka mingi ndiyo utamu. Kwenye joto, ikipita 20 mara nyingi unalamba ubao tu. Mimi naishia 12. Na umri ulioandikwa kwenye chupa ya Jamaica ni wa ramu changa kuliko zote zilizochanganywa humo, si wa ile kongwe.