Steki ya Brooklyn: niagizeje?

SWALI: Naishi Kirumba, Mwanza. Mwezi ujao naenda New York, na mwenyeji wangu atanipeleka Peter Luger, Brooklyn. Nimezoea nyama choma iliyoiva; damu siiwezi. Niagizeje?

JIBU: Ndugu msomaji, mkahawa huo upo tangu 1887 na sahani yake kuu ni porterhouse: pande nene lenye mfupa wa umbo la T, upande mmoja sarara, wa pili nyama ya mgongo. Huagizwa kwa idadi ya watu na huletwa limeshakatwa. Kubalianeni kwanza kiwango cha kuiva, maana pande ni moja.

Yale majimaji mekundu si damu, ni maji yenye mayoglobini, protini ya misuli. Ukitaka iive kabisa, nyuzi 71 za Selsiasi katikati, utapewa. Ila misuli hujikunja, ikakamua maji, nawe utalipia ukavu kwa bei ya utamu. Omba nyuzi 60 hivi, ibaki na wekundu hafifu. Anza na sarara, haina mafuta mengi.

Usishtuke ikinukia kidogo kama jibini. Imekaa wiki kadhaa kwenye chumba baridi, ikipungua maji na kulainika. Kwetu ng'ombe huchinjwa alfajiri, jioni yuko mkaani, ndiyo maana tunatafuna sana.

Kwa miaka mingi wamejulikana kwa kukataa kadi za mkopo, hivyo mwenyeji aulize mapema. Bakshishi, asilimia 18 hadi 20, ni juu yenu. Ugali hakuna, kuna mchicha wa krimu.